Historia ya Mama Isiandikwe Usiku wa Msiba

Mama mwenye umri mkubwa akifariki alfajiri kule Isansa, Mbozi, mara nyingi kesho yake jioni ameshazikwa. Katika saa hizo chache kuna turubai la kutafuta, sanduku, kuni, mchele, watoto wa kupigiwa simu Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam. Usiku wa manane ndipo mtu anakumbuka kwamba kesho itasomwa historia fupi ya marehemu, na bado haijaandikwa. Anaitwa mjukuu mwenye mwandiko mzuri, anapewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, anamulikiwa kwa tochi ya simu. Hajui bibi alizaliwa lini. Anauliza. Mmoja anasema 1938, mwingine 1942, wanakubaliana katikati. Yaliyobaki anayajua kwa kuwa ameyasikia kwenye misiba mingine: marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu, mpenda watu. Alianza kusumbuliwa na presha, akapelekwa hospitali hii, akahamishiwa ile, hali ikabadilika ghafla. Ameacha mume, watoto, wajukuu na vitukuu.

Historia hiyo ikisomwa makaburini, miaka themanini ya uhai inapita kwa mistari minne, na miezi mitatu ya ugonjwa inachukua karibu ukurasa mzima. Marehemu akiwa mwanamume, afadhali kidogo. Aliajiriwa mwaka fulani, akawa balozi wa nyumba kumi, akastaafu. Mama aliyekaa nyumbani hana barua ya ajira wala ya kustaafu, basi mwandishi hushika sifa. Sifa hizo ni za kweli, lakini zingemfaa mama yeyote katika kata nzima, na aliyelala ndani ya sanduku si mama yeyote.

Ninachowashauri wenye mama na bibi wazee ni hiki: kazi yake ndiyo historia yake. Iandikwe kama kazi, kwa majina, vipimo na miaka, na ianze kuandikwa angali hai.

Mbozi mna deni maalumu katika jambo hili, kwa sababu mmeishi muda mrefu na kanisa ambalo lina desturi ya kuandika maisha ya waumini wake. Wamoravian, waliofungua misheni Mbozi mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa na utaratibu huo kwao Ujerumani tangu karne ya 18. Muumini, awe mpishi, fundi, mjane au mchungaji, aliandika maisha yake mwenyewe akiwa na nguvu. Akifa, waliobaki waliongeza sehemu ya mwisho, na ikasomwa mazikoni. Maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa mpaka leo katika nyaraka za kanisa hilo pale Herrnhut. Wanawake wamo, tena wengi, wakisema kwa vinywa vyao wenyewe.

Na hapa kwetu ilishafanyika. Pale Utengule ya Usafwa, Elise Kootz-Kretschmer wa misheni hiyo hiyo alikaa na wanawake walioishi nyakati za utekaji wa watumwa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, akaandika walivyomsimulia. Mmoja aliitwa Narwimba, mwingine Chisi. Walieleza jinsi walivyotekwa na kupita mkono kwa mkono, jinsi mwanamke alivyotafuta mume wa kumkinga, jinsi walivyokimbia na watoto. Masimulizi hayo yalichapishwa kwa Kijerumani, na baadaye mwanahistoria Marcia Wright akayaweka mbele ya wasomaji wa Kiingereza, pamoja na uchunguzi wake, katika kitabu cha mwaka 1993 kiitwacho Strategies of Slaves and Women. Wataalamu wa mbali wanazijua nyanda zetu za miaka ile kupitia bibi hao. Hakuna aliyewaomba wawe machifu kwanza ndipo waandikwe.

Basi anza. Nunua kaunta buku moja ngumu, andika jina lake juu ya jalada, na uandike jina lote. Hapa tunakosea mapema sana. Mama ameitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza kwa miaka sitini, na kwenye kitambulisho amebeba jina la mumewe, kiasi kwamba wajukuu hawajui alitoka ukoo gani. Katika nyanda hizi ukoo wa mwanamke una sauti yake: kwa Wanyamwanga, binti wa kina Simwinga ni Namwinga, wa kina Sikazwe ni Nakazwe. Andika jina la baba yake, la mama yake, la kijiji alikotoka kuja kuolewa, na la aliyempa jina. Kama kaka zake bado wako, watembelee mwaka huu, usingoje mwakani.

Usimkalishe mama kwenye kiti ukaanza kumhoji kama afisa wa sensa. Atajibu kwa kifupi, atasema, «Mwanangu, sisi tuliishi tu.» Mama wa aina hii huongea vizuri mikono ikiwa na shughuli. Nenda wakati wa kupukuchua mahindi au kuchambua maharage, kaa chini, fanya naye kazi. Kisha ulizia vitu. Sufuria hii kubwa ilinunuliwa wapi, mwaka wa mavuno gani? Kinu hiki nani alikichonga? Kanga zilizo ndani ya sanduku, ya chini kabisa alipewa na nani? Swali la «maisha yako yalikuwaje» halijibiki. Swali la sufuria hujibika, na jibu lake litakupeleka kwenye mwaka, kwenye bei, kwenye ugomvi na kwenye furaha ambazo usingejua kuziulizia.

Umri uhesabu kwa matukio. Mwaka aliokutajia mtu mmoja usiuamini mpaka umeupimia kwenye jambo linalojulikana, na kwa mama wa Mbozi mambo hayo ni mengi. Alikuwa na mtoto gani mgongoni siku ya Uhuru, Desemba 1961? Wachina walipofika na reli, alikuwa tayari ameolewa? Ujenzi wa TAZARA ulianza 1970 ukakamilika 1975, na treni ilipopita Mlowo, Vwawa na Tunduma kila aliyekuwa mtu mzima anakumbuka. Alihama wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1974 na 1976? Aliacha nini nyuma: nyumba, kaburi, miti? Miaka ya foleni, mwanzoni mwa 1980 na kitu, aliogeshaje watoto sabuni ilipokosekana? Mwalimu Nyerere alipong'atuka mwaka 1985, kitinda mimba alikuwa ananyonya? Ukiwa na majibu matano ya namna hiyo, mwaka wa kuzaliwa utajipanga wenyewe. Pia pita kanisani uombe kitabu cha ubatizo. Mara nyingi jina lake limo, kwa wino ambao umeanza kufifia.

Kama alisoma kisomo cha watu wazima, andika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na akina mama wengi walijifunza kuandika majina yao jioni, baada ya shamba, wakiwa na watoto wachanga. Kumbukumbu kwamba bibi alishika kalamu kwa mara ya kwanza akiwa na watoto wanne haipaswi kupotea.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo ninaona tunamdhulumu mama kuliko kokote. Kimondo cha pale Ndolezi, Mbozi, kinajulikana vizuri. Kina urefu wa mita tatu hivi, kina uzito unaokadiriwa kuwa tani 12 au zaidi, na kimekuwa ndani ya vitabu tangu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikijua zamani. Vipimo vyake vinasomwa na kila mgeni. Mwanamke aliyepita karibu nacho na mzigo wa kuni kichwani maisha yake yote hana kipimo hata kimoja. Mpime.

Chukua maji peke yake. Uliza kisima kilikuwa wapi, nenda kakione, hesabu dakika za kwenda na kurudi. Tuseme alichota ndoo tatu za lita 20 kwa siku, na alifanya hivyo miaka 40 kabla bomba halijafika karibu au mabinti hawajampokea. Hizo ni ndoo 43,800, lita 876,000, zote zimepanda kilima juu ya shingo ya mtu mmoja. Huenda kwa mama yako ni nusu ya hapo, huenda ni zaidi. Fanya hesabu yake mwenyewe, na ueleze kama ulikuwa mtungi, debe au ndoo ya plastiki, kwa sababu vyombo hivyo vinabadilika na wajukuu hawatajua tofauti ya uzito.

Halafu kahawa. Mbozi ni wilaya ya kahawa, na historia ya kahawa katika familia huhesabiwa kwa jina la mzee. Kitabu cha ushirika ni chake, malipo yalitoka kwa jina lake. Lakini tunda huchumwa moja moja, likiwa jekundu, bichi linaachwa, na mchumaji hurudi kwenye mti ule ule mara kadhaa katika msimu. Kilo moja ya kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa hutokana na kilo tano hivi za tunda bivu. Gunia la kilo 50 lililopimwa ghalani lilianza kama kilo 250 mikononi mwa mama na watoto wake, kisha likamenywa, likaoshwa, likatandazwa kwenye kichanja, likafunikwa kila wingu lilipojikusanya. Andika ni shamba lipi, miche ilipandwa mwaka gani, nani alichimba mashimo, nani alimwagilia mpaka ikashika. Mche huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, na katika miaka hiyo nyumba ililishwa na maharage na mahindi ya mama. Kama ada ya mtoto wa kwanza ilitoka kwenye kahawa hiyo, litaje shamba na mtoto kwenye mstari mmoja.

Ulizia pia miaka ambayo mzee hakuwepo. Wanaume wengi wa nyanda hizi walikwenda migodini, Lupa kule Chunya, au ng'ambo ya mpaka kwenye shaba ya Zambia. Historia ya baba itasema «alifanya kazi migodini». Ya mama haisemi kwamba katika miaka hiyo alilima peke yake, alijenga upya paa lililong'olewa na upepo, alisimama mbele ya wazee kutetea mpaka wa shamba, alimzika mtoto bila mumewe.

Kuna watakaosema kazi za nyumbani haziandikiki, ni wajibu tu wa mke. Sheria ya nchi yetu iliona vingine zamani. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitafsiri kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, ikasema kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Lilikuwa shauri la talaka, na Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba, lakini kanuni ilibaki na mahakama zinaitumia mpaka leo. Kama jaji anahesabu kupika, kulea na kufua pale ndoa inapovunjika, watoto washindwe vipi kuhesabu pale ndoa ilipodumu mpaka kifo?

Mengine ni magumu, na hayo ndiyo yanayohitaji hekima ya anayeshika kalamu. La kwanza ni watoto waliokufa. Historia ya msiba husema «amebahatika kupata watoto saba». Ukikaa na mama jioni atakwambia alizaa kumi na mmoja. Wanne walikwenda kwa surua, kwa homa, au siku ile ile waliyozaliwa, na kila mmoja alikuwa na jina au sura anayoikumbuka. Muulize mara moja, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili. Akinyamaza, acha. Akisema, andika majina yote kwa mpangilio wa kuzaliwa, na usitenganishe walio hai na waliokufa katika orodha mbili. Aliwabeba wote kwa tumbo lile lile.

La pili ni kimpumu. Nyumba nyingi za mkoa wa Songwe zilisomesha watoto kwa pombe ya kienyeji aliyoipika mama, kisha watoto wakaokoka, wakawa wazee wa kanisa, na pipa likafichwa nje ya historia. Mimi nasema liandikwe. Mama alilowesha ulezi, akauotesha, akausaga, akakesha na moto, akauza kwa vikombe, akalipa ada. Kama baadaye aliacha kupika kwa ajili ya imani yake, andika na mwaka alioacha, maana huo nao ni uamuzi mkubwa uliopunguza kipato cha nyumba. Kuficha jambo hilo ni kumnyima sifa mbili kwa mpigo.

Kwa ugomvi, mitala, kurudi kwao kwa muda na mengine ya ndani, nashauri muwe na maandishi mawili. Moja ni la kusomwa makaburini. Lisizidi kurasa mbili, ugonjwa usizidi sentensi mbili, na ndani yake kuwe na kazi tatu za mama zilizoelezwa vizuri badala ya sifa kumi zilizotajwa tu. La pili ni kaunta buku ya ukoo, ambamo mambo yote yanaingia, na linasomwa nyumbani na watu wa nyumbani. Ukijaribu kubana yote katika karatasi moja utaogopa umati, na utaishia kwenye «mpole, mkarimu».

Msiwaulize watoto wa damu peke yao. Mkamwana aliyeishi naye boma moja miaka ishirini anajua mengi ambayo binti aliyeolewa mbali hayajui: anavyochagua mbegu, anavyopenda chumvi, anavyolala akiwa na mawazo. Mjukuu aliyelelewa jikoni kwake anajua hadithi zake. Jirani waliyekopeshana naye unga anajua njaa ya mwaka gani ilikuwa kali. Wote hao wana sehemu yao kwenye daftari.

Na mzee. Mama akitangulia, mume aliyebaki huzungukwa na wanaume wenzake, wanazungumza mvua na bei ya mbolea, na hakuna anayemuuliza habari za mkewe kwa kudhani wanamtonesha. Wengi wao wanatamani sana kuulizwa. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi la maombolezo. Mzee wa Isansa hatatunga shairi, lakini atakueleza siku ya kwanza alipomwona, mahari iliyotolewa, nyumba ya kwanza ya nyasi waliyojenga, na alichoambiwa na mkewe siku aliyotaka kuuza ng'ombe wa mwisho. Nenda kwake baada ya watu kutawanyika, ukae siku mbili tatu. Chukua simu yako, iweke karibu naye, mbali na upepo na redio, urekodi. Akitumia Kinyiha, mwache kwenye Kinyiha. Tafsiri mtaifanya baadaye, na sauti yake itakuwa na vionjo ambavyo Kiswahili chako hakitavipata. Msikimbilie kumhamishia mjini wiki ile ile kwa huruma, kwa sababu nyumba ile na shamba lile ndivyo vinavyomkumbusha, na akihamishwa haraka anapoteza mke na mahali pa kumkumbukia kwa pamoja.

Sauti mlizorekodi zisikae kwenye simu moja. Simu huibwa stendi ya Tunduma, huanguka kwenye maji, hubadilishwa. Mtumieni kila ndugu, wekeni nyingine kwenye kompyuta ya mtu mnayemwamini, na kila faili liandikwe jina la msemaji na tarehe. Picha nazo vivyo hivyo. Familia nyingi huishia kukuza picha ndogo ya kitambulisho kwa ajili ya kuweka mbele ya sanduku, mama akiwa amekaza uso kama mshtakiwa. Mpigeni picha mwaka huu akiwa shambani, jikoni, akicheka na mwenzake, mikono yake peke yake akichambua mboga. Nyuma ya kila picha, au chini yake kwenye simu, andikeni nani ni nani, kutoka kushoto.

Kuhusu karatasi za serikali nitasema kwa kifupi. Kifo kinapotokea nyumbani, taarifa ianze kwa mtendaji wa kijiji, na kiandikishwe ndani ya siku 30 ili cheti cha kifo kutoka RITA kipatikane bila usumbufu. Familia nyingi huacha kwa sababu mama «hakuwa na mali». Alikuwa nayo: kipande cha shamba alichopewa na baba yake, kuku, mbuzi, akiba ya kikundi cha akina mama, labda simu yenye salio. Kikundi kitahitaji cheti, na mirathi ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo cheti kitaulizwa. Hakikisheni majina na mwaka wa kuzaliwa kwenye cheti yanalingana na kitambulisho chake. Kama utafiti wenu umeonyesha mwaka tofauti, uandikeni kwenye daftari la ukoo pamoja na maelezo ya jinsi mlivyoupata, wala msianze kurekebisha nyaraka katikati ya mirathi.

Daftari lenyewe mwachieni mtu anayekaa Isansa. Walioko mijini wapewe nakala. Wanaojua zaidi habari za mama ni wale wanaopita mlangoni kwake: shoga yake wa kisimani, mwenzake wa kwaya, fundi aliyeezeka nyumba. Wakipita na neno, mwenye daftari aache alichokuwa akifanya, aandike siku hiyo hiyo, na jina la aliyesema.